Majibu Hayako Nyuma ya Kitabu

Janeth, wewe na wenzako wa kaunta ya maktaba, siku ya kuniaga mlinilisha ndafu, mkanivisha kitenge, mkanipigia na vigelegele, nikadhani tumemalizana. Wiki haijaisha simu inaita. "Shikamoo mama. Kuna dada hapa anataka kuanza kusoma falsafa mwenyewe, bila chuo. Tumwanzishie wapi?" Nikakujibu. Kesho yake ukaniletea mwingine. Keshokutwa nilikuwa nakamua, simu ikatetemeka mfukoni, ng'ombe akashtuka akapiga ndoo teke, maziwa yote chini. Basi nimekaa naandika, mara moja tu. Someni, halafu mniache nistaafu kama watu wengine.

Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Nani alipanda na nani alirukwa, hayo mnayasimulia vizuri kuliko mimi wakati wa chai.

Nilifika maktaba nikiwa binti wa Kimeru kutoka upande wa Tengeru, nimevaa viatu vya kuazima, nikiamini kwamba mkutubi ni mtu anayelipwa kwa kukaa na kusoma. Mkuu wetu wakati huo alikuwa Mama Mollel, Mwarusha, mrefu, mkavu wa maneno. Hakunipa kitabu. Alinipa ndoo na kitambaa, akanionyesha rafu. Vumbi la Arusha mnalijua: kiangazi linaingia mpaka kwenye kitabu kilichofungwa kwa kamba. Nilipangusa mpaka mabega yakawaka moto. Mchana nikamwuliza nitaanza kazi lini. "Kwani asubuhi yote ulikuwa unafanya nini?" akasema, akaenda zake kunywa chai.

Hivyo ndivyo nilivyoijua rafu ya falsafa, kwa kitambaa. Ilikuwa ya chini kabisa, kwenye kona, kati ya vitabu vya dini na dirisha linalovuja. Mchwa waliifahamu kuliko wasomaji. Vifaa vyangu vilikuwa stempu ya tarehe, kisanduku cha kadi, chupa ya gundi na sindano nene ya kushonea vitabu vilivyoachia. Kwa sindano ile nilijifunza siri ya wasomaji wetu. Kitabu cha falsafa kikija mkononi kimechakaa, kimechakaa kurasa kumi za mwanzo tu. Zilizobaki ni mpya, hata hazijafunguka vizuri. Mtu ameanza, amekwama, amerudisha, na pale kaunta ukimwuliza anasema, "Kizuri sana, mama."

Mama Mollel alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Akija mtu anataka kitabu fulani, hakukimbilia kisanduku cha kadi. Alimtazama kwanza, kisha akauliza, "Nini kinakusumbua, yeyo?" Mwanaume au mwanamke, kwake wote walikuwa yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, na wote walikuwa wagonjwa. Watu walikasirika, na mimi nilimwona mmbeya. Siku moja nikamwambia kwamba watu wanakuja kwa ajili ya vitabu, si kuhojiwa. "Mtu anakuja hapa na mwiba mguuni," akanijibu. "Wewe ukimpa kitabu bila kumwuliza, umempa kiatu." Sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa baadaye sana, alipokwisha kurudi kwao kulima maharage, na hata simu yake haipatikani nimwambie.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, maana hili neno limenizeesha. Mtu akisema anataka falsafa, usidhani mnaongea kitu kimoja. Kuna anayetaka falsafa ya matajiri, wanaamka saa ngapi na wanakunywa nini asubuhi. Huyo ukimwonyesha rafu ya chini anakutazama kama umempa dawa ya minyoo. Kuna meneja anayetaka sentensi tatu za falsafa ya kampuni, na anazitaka leo kwa sababu hotuba ni kesho. Halafu kuna ndugu zetu Wakatoliki wa kutoka Kilimanjaro. Kwao falsafa si somo, ni mahali. "Kaka yuko falsafa" maana yake yuko seminari kuu, ile miaka ya mwanzo kabla ya teolojia, na nyumbani ng'ombe wa sherehe ya upadri ameshaanza kunenepeshwa. Aliwahi kuja msichana mmoja wa Kibosho akaazima kitabu cha falsafa, cha kusoma mwenyewe tu kwa raha zake. Kesho yake mama yake alinifuata kaunta kuniuliza tangu lini wasichana wanapewa upadri. Na sisi wote, wa kila kabila, tuna ile maana nyingine. Mwulize fundi kwa nini bomba linavuja wakati amelitengeneza jana, atakwambia, "Acha falsafa, mama."

Kwa hiyo kabla hujamwanzishia mtu popote, mwulize anamaanisha nini. Hilo tu lingeniokolea miaka.

Nije kwa Mangi, kwa sababu yote ninayoyajua kuhusu mahali pa kuanzia niliyajua kwa kugombana naye. Kila Mchaga mwenye duka mjini hapa anaitwa Mangi, lakini huyu jina lake ni Shirima, ana duka la vifaa vya ujenzi Sokon I. Janeth unamkumbuka, wewe ulikuwa mgeni pale kazini. Alikuja na saruji mpaka kwenye nyusi, akaegemea kaunta niliyokuwa nimetoka kuifuta.

"Nataka vitabu vya falsafa," akasema.

"Nini kinakusumbua, baba?"

"Nimeomba vitabu, mama. Sikuomba daktari."

"Una kijana seminari?"

Akaifuta kaunta kwa kiwiko, akaichafua zaidi. "Alikuwa falsafa," akasema. "Ametoka."

Akanieleza yote akiwa amesimama. Kijana wake, Apolinari, aliingia seminari ndogo akiwa mtoto, akafaulu, akapanda mpaka falsafa. Halafu siku moja akarudi nyumbani na begi lake, akasema, "Baba, nina maswali." Mangi akamjibu, "Maswali gani, na majibu yote tulishakufundisha?" Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoambiana. Kijana akaenda Nduruma, akakodi shamba, akawa analima nyanya. Baba akabaki dukani. Desemba ilipofika Mangi hakupanda kwao Rombo. Mnajua maana yake. Mchaga mzima, mwenye gari na afya, asipopanda nyumbani Desemba, hapo kuna msiba hata kama hakuna aliyekufa. Kule kijiji kizima kingemwuliza, "Padri wetu yuko wapi?" Mke wake alikwenda peke yake akarudi hana la kusimulia.

"Sasa nataka hicho kitabu kilichomharibu," akasema Mangi. "Nikisome mwenyewe. Nikijua alipotelea ukurasa gani, nitamrudisha kuanzia hapo."

Nilikuwa bado natafuta cha kumjibu wakati wewe Janeth, kwa wema wako, ulishafungua kompyuta ukamchapia orodha ya mtandaoni, vitabu ambavyo kila mtu lazima avisome, kurasa kadhaa mbele na nyuma. Mangi akaipokea kama risiti. Kitabu cha kwanza kwenye orodha tulikuwa nacho, historia ya falsafa yote tangu Wayunani, Kiingereza kitupu, kinene kama tofali la inchi sita. Nikamshauri achukue kitu chepesi. Akakipima mkononi. "Mama, mimi ni mtu wa vifaa," akasema. "Chepesi ni feki."

Akarudi baada ya majuma kadhaa, amekasirika, macho mekundu.

"Kuna mzee humu anasema kila kitu ni maji," akasema. "Mimi nauza saruji, mama. Nimemsoma mara tatu. Huyu ndiye aliyemtoa mwanangu seminari?"

"Sidhani."

"Basi yuko ukurasa gani aliyemtoa?"

Hapo ndipo nilipochoka kabisa, na nitawaambia nilichochoka nacho. Tunamwambia kila mtu aanze mwanzo. Mwanzo wa nini? Nyumba ndiyo inayojengwa kuanzia msingi. Falsafa ni mabishano yaliyoanza kabla hujazaliwa, na wewe unaingia pale unaposikia mtu anasema jambo linalokuuma. Ukimlazimisha mtu aanze na wazee wa maji na moto, na kwa Kiingereza ambacho anahitaji kamusi kwa kila mstari, atasoma kurasa kumi, atakwambia kizuri sana, na hutamwona tena. Mwanzo wa historia uko mwanzoni mwa historia. Mwanzo wa msomaji uko kwenye mwiba wake. Nilipofika hapo kichwani nikamkumbuka Mama Mollel na kiatu chake, nikakasirika zaidi kwa sababu alikuwa sahihi.

Nikamwuliza Mangi upya. "Achana na kitabu kilichomharibu. Kinachokuuma wewe ni nini?"

"Aliahidi," akasema bila kufikiri. "Mtu akiahidi atimize, ama si mtu."

Nikaenda rafu ya chini nikiwa nimeshikilia kiuno. Tulikuwa na nakala mbili za kijitabu kimoja chembamba cha Kiswahili, jalada la moja lilishaliwa na mchwa na la jingine lilikuwa karatasi yangu mwenyewe ya kaki niliyoigundisha. Jina la mwandishi lilikwenda na jalada. Ndani kuna majirani wawili wamekutana kwenye mpaka wa shamba, wanabishana ahadi ni kitu gani. Mmoja aliahidi, mambo yakabadilika, sasa anafungwa na ahadi yake au hafungwi? Anauliza huyu, anajibu yule, basi. Hakuna jina la Mjerumani hata moja. Mangi akakitazama kwa dharau, uzito wake kama bahasha. Nikakigonga stempu kabla hajasema neno.

Siku chache tu akarudi. Safari hii hata habari za asubuhi hakuniuliza.

"Mama, mnaazimisha vitabu vibovu. Kurasa za mwisho zimechanwa."

"Hazijachanwa."

"Zimechanwa. Jibu halipo. Wanabishana, wanabishana, halafu yule mmoja anasema ng'ombe wake anahitaji kukamuliwa, anaondoka. Jibu liko wapi?"

Nikaleta ile nakala nyingine. Akaifungua mwisho, akakuta ng'ombe yuleyule anasubiri kukamuliwa. Akazilinganisha mbili, akachungulia mshono kama anayekagua nondo. Mimi nikafungua aliyokuwa ameisoma yeye, na hapo nusura niwe mtu mwingine. Kitabu kizima kilipigiwa mistari kwa penseli ya fundi, ile bapa nyekundu isiyofutika.

Ningemfokea, na mnajua naweza. Lakini nikaona kitu. Mistari yote ilikuwa kwenye majibu. Kila mahali jirani mmoja anapojibu, mstari. Kila mahali mwingine anapouliza, pameachwa peupe. Mangi alikisoma kama tulivyosomeshwa sote. Yeye kwa katekisimu, mimi Mlutheri kwa mafundisho ya kipaimara, swali halina kazi, swali ni la mwalimu. Wewe kariri jibu, ukisimama mbele ya watu usibabaike. Shuleni ni hivyohivyo, majibu yako nyuma ya kitabu. Watu wazima wanaingia kwenye falsafa na mazoea hayo, wanafungua nyuma, wanakuta ng'ombe.

"Umepiga mistari majibu peke yake," nikamwambia.

"Ndiyo mafundisho yenyewe hayo."

"Rudi usome maswali."

"Maswali kila mtu anayo, mama. Hata mtoto ana maswali."

"Basi mwanao ana kosa gani?"

Nililisema kwa hasira ya penseli, sikulipanga. Mangi akavuta kiti cha msomaji, akakaa pale karibu na kaunta, kofia mkononi. Nikamwacha nikaendelea na kazi, maana kulikuwa na watu. Nilipogeuka alikuwa anasoma, na kidole chake kilikuwa kinafuata sehemu zile zilizobaki peupe. Mahali fulani katikati kidole kilisimama.

"Mama," akaniita. "Hapa anauliza, mtu anaweza kuahidi kwa mdomo wa mwenzake?"

"Anajibiwaje?"

"Sijali anajibiwaje." Akafunga kitabu. "Siku ya komunyo ya kwanza ya Apolinari nilisimama mbele ya watu wote, nikasema huyu nimemtoa kwa Kanisa. Alikuwa hivi." Akaonyesha usawa wa meza. "Yeye hakusema kitu. Alikuwa anakula pipi."

Yalikuwa yake hayo. Akaondoka na kitabu bila stempu mpya, na mimi niliyewafukuza watu kwa makosa madogo kuliko hilo nikamtazama anaondoka.

Kabla sijamaliza, niwaambie yale mtakayowaambia watu wengine, maana si kila mmoja ni Mangi. Mpe mtu kitu kifupi, cha lugha anayoota nayo ndoto, kinachogusa kinachomuuma. Kama anaumwa na kifo, kifo. Kama anaumwa na bosi wake, haki. Mwambie asome ukurasa mmoja mara mbili kuliko kurasa mbili mara moja. Mwambie asikipe kitabu shikamoo. Mwandishi si mkwe wake, ambishie. Na mwambie atafute mtu wa kubishana naye, kwa sababu kusoma falsafa mwenyewe haimaanishi kusoma peke yako. Yule mtu asipopatikana, kitabu kitamchosha. Orodha za mtandaoni, Janeth, tumia upande wa nyuma kuandikia mengine.

Mangi alipotea kabisa. Nikadhani amekata tamaa kama wengine. Halafu asubuhi moja, chumba cha kusomea kimejaa wanafunzi wa mitihani, kimya kama kanisani siku ya Ijumaa Kuu, nikasikia sauti za wanaume zinapanda ngazi. Mlango ukafunguka. Mangi mbele, nyuma yake kijana mrefu mwenye matope ya Nduruma kwenye buti.

"Shikamoo mama," akasema kijana. "Mimi ni Apolinari. Samahani kwa usumbufu. Baba anasema kuna nakala ya pili."

"Marahaba. Ya kwanza iko wapi?"

"Ninayo mimi. Hatuwezi kuisoma wote wawili, ananinyang'anya." Akamtazama baba yake. "Alikuja shambani, mama, hata hakunisalimia. Nikajua ameleta majibu. Akasimama kati ya nyanya akaniuliza swali. Tangu nizaliwe hajawahi kuniuliza swali asilolijua jibu lake."

"Na hujanijibu mpaka leo," akasema Mangi.

"Nimekujibu. Nimesema nilifungwa na ahadi yako. Nilikaa miaka yote ile, nilikula chakula cha watu, kukaa kwangu ni ahadi pia."

"Hukufungwa. Mdomo ulikuwa wangu."

"Baba, nilifungwa. Kutoka kwangu ni kuvunja, na lazima nikubali nimevunja."

"Ulikuwa unakula pipi!"

Chumba kizima kikageuka. Nilisimama pale na stempu mkononi nikisikiliza Mangi wa Sokon I anamtetea kijana wake mbele ya kijana mwenyewe, na kijana anamtetea baba, wamebadilishana magoli bila kujua. Wanafunzi wakaanza kucheka. Nikawagongea nakala ya pili, nikawaambia waende wakapigie kelele nje, watu wana mitihani. Wakatoka bado wanabishana. Dirishani niliwaona wamesimama kando ya gari, Mangi anagonga boneti kwa kijitabu. Desemba ile walipanda Rombo wote watatu, baba, mama na kijana.

Sasa, Janeth, juzi umenipigia kwamba kwenye mfumo nakala zote mbili zinaonyesha nyekundu, zimepitiliza muda kiasi kwamba kompyuta inataka kuziandika zimepotea, na unaomba ruhusa. Nikakasirika. Nimestaafu na bado nadai vitabu. Nikampigia Mangi mwenyewe, nikamfokea mpaka ng'ombe wangu akageuka kunitazama. Nikamwambia kijitabu chenye kurasa chache namna ile, mtoto wa darasa la nne angekuwa ameshakimaliza, yeye na mwanawe mtu mzima wanashindwa nini kukirudisha?

"Tutarudisha, mama," akasema kwa utulivu wote, na nyuma yake nikasikia sauti ya Apolinari na sauti ya mke wake Mangi, zote mbili juu. "Bado hatujafika mwisho."

"Mwisho upi, Mangi? Si wewe uliyekuja kunigombeza kwamba mwisho haupo?"

"Ndiyo maana tunachelewa," akasema.

Nikakata simu. Ziandike zimeazimwa, Janeth, na usinipigie tena kabla sijamaliza kukamua.